Tangi la Chini ya Sakafu

Daktari Mutua, mstaafu, anaishi Syokimau, mahali ambapo watu wanasubiri lori la maji kama wengine wanavyosubiri mshahara, lakini huvaa kofia yenye picha ya nanga. Kofia hiyo ilinichukiza kabla hajafungua kinywa. Alikuja kwenye karakana yetu hapa Masii, bara kabisa, na michoro ya mashua ya matanga, akamwambia mume wangu Musembi kwamba anataka aundiwe ya faibaglasi, yenye vitanda na jiko, ya kwenda kisiwa hadi kisiwa mpaka Komoro na kurudi. Aende na nani? Na Musembi. Alitaka fundi wa kuandamana naye, kitu kikipasuka kizibwe huko huko.

Musembi hajui kuogelea hata kidogo. Maji mengi aliyowahi kuingia ni ya bwawa la mchanga, lile la kuzuia maji ya mto wa msimu, kwao Mwala, nayo humfika magotini mwaka mvua ikiwa na huruma. Kazi yake ni kuunda matangi na vifuniko vya pikapu. Lakini alipoiona michoro ile alikubali kama mtoto aliyeonyeshwa peremende, na mimi nikajiona tayari mjane, mjane wa mtu asiye hata na kaburi la kupalilia.

Ndiyo maana nilitaka mashua ile ishindwe. Nasema wazi na sioni haya.

Kwa miezi yote ilipokuwa ikiundwa sikukanyaga ndani yake. Nilipita kando nikienda kufungua mbuzi, nikasonya. Wanawake wa jirani waliokuja kuomba rangi iliyobaki walisimama wakaitazama, wakacheka. Huwa wanaijia rangi hiyo kwa sababu ya mitungi. Kwenye foleni ya kisima kila mwanamke ana alama yake kwenye mtungi, la sivyo utarudi nyumbani na mtungi wa mtu, au bila mtungi. Yangu ni duara la kijani lenye mkia. Siku ya kwanza kuichora mkono uliniteleza, mkia ukatokea, nikauacha.

"Nuhu aliambiwa na Mungu," nilimwambia Musembi mbele yao. "Wewe umeambiwa na kofia."

Akaendelea kupaka resini yake, ile gundi ya faibaglasi, kana kwamba ni inzi aliyepita.

Kisha nikaona anachokifanya kwenye mchoro, na moyo wangu ukatulia. Daktari alikuwa ameweka tangi moja dogo la maji ya kunywa chini ya kitanda. Musembi alilitazama tangi hilo kwa masikitiko, akaongeza la pili upande wa pili, akaongeza jingine kule mbele penye ncha, halafu kubwa kuliko yote chini ya sakafu, juu tu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Mahali pa kuweka matanga ya akiba pakaisha. Pa kuweka chakula pakabaki upana wa kuku mmoja.

"Baba Kanini," nikamwambia, "si mnaenda baharini? Huko kuna nini kingine kama si maji?"

"Ya chumvi," akasema. "Bahari ni kiangazi tu, mama Kanini. Ni kiangazi iko na mawimbi."

Alijua matangi yakijaa mashua itakaa chini mno majini. Unafikiri alipunguza tangi? Alichukua brashi, akafuta ule mstari ubavuni unaoonyesha maji yatafika wapi, akauchora upya juu zaidi. Kana kwamba bahari ingesoma rangi ya Masii na kutii! Sikio la kufa halisikii dawa, na hili nililiacha life. Nilimngoja daktari.

Alikuja kukagua kabla sitaha haijafungwa juu. Mstari ule aliuona hata kabla ya kutusalimia.

"Musembi, hii line nilikuambia ikae hapa?"

"Nimeipandisha kidogo, Daktari. Juu ya maji."

Daktari akapanda ngazi, akaanza kufunua vitanda, kila anapofunua anakuta tangi. Nami nikapanda nyuma yake kwa mara ya kwanza. Nilitaka kuiona mashua ikifa kwa macho yangu.

"Hii maji yote ni ya watu wangapi?"

"Ya kila mtu," Musembi akasema.

"Kila mtu nani? Si ni mimi na wewe?"

Daktari akainua ubao wa sakafu. Tangi kubwa lilikuwa limelala pale chini, limefuata umbo la tumbo la mashua, na juu ya mfuniko wake kulikuwa na duara la kijani. Lilikuwa na mkia.

"Na hii uchafu ni nini?"

"Hiyo ni ya mama Kanini," Musembi akajibu. "Maji yake."

"Nani alikuambia bibi anakuja?"

Musembi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mbuzi ana miguu. "Sasa Daktari, mtu ataenda miezi yote hiyo aache bibi kwa foleni ya maji?"

Daktari akacheka mpaka nanga ikamtikisika kichwani. "Umeniundia tangi iko na mlingoti!" Akanigeukia nicheke naye.

Mimi nilikuwa nimeitukana mashua hiyo kwa maneno mabaya kuliko hayo, kila siku. Lakini mimi ni mkewe. Uso ulinichoma kwa hasira, na laiti ngazi ingekuwa karibu ningemsukuma na kofia yake.

"Hii itoke leo," daktari akasema, "ama nitafute fundi mwingine."

"Hizo zingine nitatoa," Musembi akasema. "Hii hapana."

"Basi baki nayo."

Musembi akabaki na tangi lile. Alilitoa yeye mwenyewe, na mashua ikapakiwa kwenye lori kwenda Pwani, kwa fundi atakayeimalizia na asiye na mke, labda. Musembi alisimama langoni mpaka vumbi likatulia. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakuwahi kuniuliza kama ningekubali kupanda. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Tangi lile haliwezi kusimama. Lina tumbo la mashua, chini limechongoka, kwa hiyo tumeliegemeza kwenye ukuta wa jikoni na kulitegeshea mawe. Kavata, jirani yangu, huniuliza imekuwaje mke wa fundi wa matangi achote maji kwenye kitu kilicholala kama mlevi. Namwambia mume wangu ni mjinga. Halafu akileta mtungi wake karibu ili achote, namwambia kwanza atazame alama.