Besi Waliochelewa

Recho, mwalimu wa kwaya ya Mzenga, hakuwa mtu wa kuogopa watu, hata paroko mwenyewe. Lakini asubuhi hiyo, mlangoni kwa mzee Evodius kule Pangani ya Kibaha, aliinua mkono kubisha hodi, akaushusha, mara mbili.

Jumapili kanisa lao jipya lilikuwa linatabarukiwa, na kwaya ilitaka wimbo mmoja tu, ule alioutunga Evodius. Zamani mtu alinakili nota, akaimba, akamwombea mtunzi baraka, yakaisha. Siku hizi hakimiliki imeota miguu, imeingia mpaka kanisani: paroko alitaka barua ya ruhusa kutoka kwa mtunzi, la sivyo watafute wimbo mwingine. Haya.

Hofu ya Recho ilikuwa nyingine. Miaka sita nyuma alinakili nota zile kwa mkono, umeme umekatika na mashine ya fotokopi imelala, akakosea mstari wa besi. Tangu hapo besi wa Mzenga huingia kwa kuchelewa, na watu wameupenda wimbo hivyo hivyo. Mzee akikataa, Jumapili imeharibika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

Recho akaeleza habari ya barua.

"Barua nitaandika. Kwanza nisikie mnavyouimba."

Mficha uchi hazai. Recho akafungua simu, mazoezi ya juzi yakalia. Sauti za kike zikapanda, zikabaki juu peke yao, kisha besi wakaingia chini yao kama watu waliokimbia kumdaka mtoto anayeanguka.

Evodius, mtu anayesifika kwa kugombana juu ya nukta moja, alisogeza sikio kwenye simu.

"Rudia."

Alisikiliza mara tatu, akavua miwani.

"Miaka ishirini najua pale pana kitu kimepungua, nimekitafuta nimechoka. Nani kakiweka?"

"Ni kosa langu, mwalimu. Nilinakili vibaya."

Mzee akaandika barua ya ruhusa, akasaini. Kisha akasogeza karatasi ya pili na kalamu mbele ya Recho, na kwa hilo Recho akampenda palepale.

"Kwaya yangu nayo itaimba hivyo. Pale ni pako. Niandikie ruhusa."

Recho alicheka. Mzee hakucheka, alikuwa anasubiri. Basi Recho akashika kalamu, akaandika: "Mwalimu Evodius anaruhusiwa kuimba. Akikosea mahali, asisahihishe. Atuletee Mzenga tusikie kwanza."