Mtu Mnene Aliyempungia Mkuu Mkono

Kamera ya joto, ile ya kuonea watu ndani ya moshi, ilipofika kituo cha zimamoto ilipewa kabati la chuma, kufuli mbili na chumba chenye kiyoyozi. Wazima moto wenyewe walikuwa na benchi moja la mbao, mguu wake wa nne ni tofali. Kikohozi, mshika mpira wa maji wa zamu ya mchana, aliambiwa asiisogelee hiyo mashine, pumzi zake zitaiharibu.

Jina la Kikohozi alipewa na moshi. Miaka ishirini na miwili ya kuingia kwenye nyumba zinazoungua ilimwachia kifua kinachonguruma kama gari bovu linalopanda mlima, na chumba kimoja cha kupanga alimoishi peke yake. Mke wake alifia motoni miaka mitatu nyuma, yeye akiwa kazini upande wa pili wa mji. Siku hiyo Mkuu wa kituo alisimama barabarani, akatazama dirisha la nyumba yao, akasema, "Chumba kitupu, msiingie." Hakikuwa kitupu. Mkuu hakuulizwa na mtu. Alipandishwa cheo, na kamera ilipokuja akapelekwa yeye mafunzoni siku tano, maana mashine ya kuonea watu lazima ishikwe na mtu mkubwa.

"Alisoma siku nne," dereva wa gari la zimamoto alimnong'oneza Kikohozi. "Si mimi ndiye nilimwendesha? Siku ya tatu wenzake walifundishwa mambo ya vioo, jinsi hiyo kamera isivyopenya kioo, inaona ya upande huu tu. Yeye akaniambia, vioo navijua, hata nyumbani ninavyo. Tukaenda kuwanunulia watoto wake wanne viatu."

Basi, mchana mmoja simu ikalia. Nyumba ya fundi cherehani inaungua. Mbele ilikuwa na duka lenye kioo kutoka chini mpaka juu, nyuma vyumba viwili. Walipofika, moshi ulikuwa umelijaza duka hadi kile kioo kimekuwa cheusi kama ubao wa shule. Fundi mwenyewe, mwanamke mwenye futi ya kupimia bado shingoni, alimkimbilia Mkuu.

"Baba, mama yangu yuko chumba cha nyuma! Miguu haimbebi!"

"Tulia, mama. Zamani tulikuwa tunakisia. Siku hizi tunaona."

Mkuu akazunguka ubavuni, kitambi mbele, akaielekeza kamera kwa pembeni kwenye dirisha la chumba cha nyuma, lililofungwa vioo vyake vyote. Akakitazama kile kioo kidogo cha mashine. Bluu tupu.

"Baridi. Hamna mtu," akasema. "Chumba kitupu."

Kikohozi akamsogelea.

"Mkuu, huyu ni mwenye nyumba. Anajua alikomlaza mama yake."

"Kikohozi, macho yako umezaliwa nayo. Haya yana cheti."

Wakarudi mbele. Mkuu akasimama hatua kumi kutoka kwenye kioo cha duka, akainua kamera usoni, na palepale akapiga ukelele.

"Yupo! Mtu! Amesimama katikati ya duka!"

"Mwanamke?" fundi aliuliza.

"Mwanamume. Mnene, amenawiri. Kuna kitu amekishika usoni, anajikinga moshi, mwerevu huyo."

Askari polisi aliyekuwa akizuia watu alisogea kuchungulia, akaweka kichwa karibu na bega la Mkuu.

"Wako wawili!" Mkuu akapaza sauti. "Mwingine mwembamba!"

Askari akarudi mbio kuchukua daftari lake.

"Mwembamba kamkimbia mwenzake. Mwoga mkubwa." Mkuu akainua mkono wa kushoto, akaupunga taratibu. "Ananipungia! Nimempungia, naye kanipungia! Ana akili zake timamu. Leteni mashoka, vunjeni kioo!"

Wote wakalivamia duka. Fundi alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, anasema "mama yangu, mama yangu," wala hakuna aliyegeuka. Kikohozi aliutupa mpira wa maji, akazunguka nyuma.

Akaugusa mlango kwa mgongo wa kiganja, kama alivyofundishwa na wazee wa kazi kabla vyeti havijaanza kugawiwa. Juu unaunguza, chini unavumilika. Akausukuma, akaingia kwa tumbo. Moshi ulikuwa mzito na hakuona hata vidole vyake. Alipapasa ukuta, akapapasa ndoo, akaupata mguu wa kitanda. Akapapasa godoro lote. Hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo kifua kikamshika, akakohoa mpaka paji la uso likagusa sakafu. Akawaza, labda safari hii yule bwana kasema kweli.

"Na wewe unaumwa nini?" sauti ikamuuliza kutoka upande wa ukutani.

"Mama?"

"Nipo huku chini, nimejiangusha. Nimekusikia ukikohoa tangu mlangoni, nikasema afadhali, analetwa mgonjwa mwenzangu."

Bibi kizee alikuwa amejibana kati ya kitanda na ukuta, shuka lililoloweshwa maji usoni. Kikohozi akamvuta, akamfunga mgongoni kwa shuka hilohilo, wakatoka kwa magoti, bibi akimhimiza njia nzima kama dereva aliyechelewa.

Mbele ya nyumba kioo kilikuwa kimeshavunjika. Upepo uliingia, moto ukafurahi, vyerehani vitatu vikaenda. Mkuu alikuwa bado anatazama kamera, uso umemshuka.

"Ametoweka," alisema, akavua kofia yake ngumu. "Tumempoteza mbele ya macho yetu."

Moto ulipozimwa walifukua majivu yote. Hawakuona hata kifungo.

"Nipe maelezo ya marehemu," askari alisema, kalamu mkononi.

"Mnene. Urefu kama wangu. Kofia ngumu kichwani."

"Kofia ngumu? Si mwenzenu huyo? Hebu jihesabuni."

Wakajihesabu mara mbili. Hakupungua mtu.

Fundi hakuwa na habari na hesabu hizo. Alikuwa amemkumbatia mama yake kwenye kiti cha kuazima, analia na kucheka pamoja. Mkuu akawaona.

"Huyu ametolewa wapi?"

"Kwenye chumba kitupu, Mkuu," Kikohozi akajibu.

"Umeingia bila ruhusa kwenye chumba kilichothibitishwa kuwa kitupu. Utaandika barua ya kujieleza."

"Nitaandika. Na huyu bibi, nimrudishe?"

Mkuu akamgeuzia mgongo. Akawapanga watu mbele ya vipande vya kioo, akatangaza dakika moja ya kimya kwa ajili ya yule asiyejulikana. Bibi naye akainamisha kichwa.

"Nani kafa?" akanong'ona.

"Mtu mnene, mama," Kikohozi akamjibu.

"Masikini. Ana watoto?"

"Wanne. Na cheo."

Kisha akanyamaza. Mke wake hakupewa hata nusu dakika, basi dakika hii yote akamkabidhi yeye, na kifua chake, ajabu, hakikukohoa hata mara moja.

Dakika ikaisha. Mkuu akaelekea kwenye gari, akainua kamera ili aizime, akasimama ghafla mbele ya mlango wa dereva, ambao kioo chake kilikuwa kimepandishwa juu.

"Yule!" akapiga kelele. "Yuko hai! Amepanda gari letu!"

"Mkuu, humu niko peke yangu," dereva akaita kutoka ndani.

Bibi kizee alimtazama Mkuu na kamera yake, akatazama kile kioo cha gari, kisha akamvuta Kikohozi shati.

"Mwambie ampungie mkono, baba," alisema. "Mwenzake anamsubiri."