Lango la Gego

Mgeni alibisha hodi Jumamosi saa nane mchana, wakati fundi alikuwa ameshateremsha pazia la dirisha na kuacha mlango nusu wazi ili harufu ya plasta itoke. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, begi mgongoni, vumbi hadi kwenye kope. Hakukitazama kiti cha wateja. Alitazama rafu ya juu ya benchi, mahali yalipopangwa mataya ya plasta zaidi ya mia, yote wazi kama yanayotaka kusema neno, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Jeshi la akiba," alisema. "Kumbe lipo kweli."

Fundi alikuwa ameshika kisu cha nta, anachonga ufizi wa mwalimu mmoja mstaafu aliyetaka mwanya wake wa ujana urudishwe palepale ulipokuwa. Kisu kilisimama hewani. Maneno yale, jeshi la akiba, yalikuwa ya mtu mmoja tu duniani.

"Shikamoo," msichana akasema, kama aliyeikumbuka adabu ghafla.

"Marahaba. Leo nimefunga. Kama ni jino, njoo Jumatatu."

"Meno yangu ninayo yote. Namtafuta Bawabu."

Fundi alikiweka kisu chini taratibu, asije akajikata. "Nani kakwambia utampata hapa?"

"Yeye mwenyewe. Alisema nikipotea kabisa, niulize fundi wa meno ya bandia nyuma ya soko la vitambaa. Alisema watu watanicheka kwanza, halafu watanionyesha. Wamenicheka kweli. Mmoja kaniuliza kama nimetoka kupigana." Alishusha begi. "Mwambie Kware amefika, na amekuja na hasira zake. Miezi kumi na moja namwita, amenipa mgongo. Hata salamu?"

Fundi alilijua jina la Kware. Alikuwa akiliona kila jioni kwenye kona ya skrini, juu ya rundo la jumbe ambazo hazijafunguliwa. Zilikuwa zimefika mia mbili na kumi na nne. Alizifahamu kwa idadi tu.

"Kaa kwanza," alisema.

"Sijaja kukaa, kaka. Nimesafiri tangu jana asubuhi, na muda wenyewe—"

"Mdogo wangu alifariki."

Msichana alikaa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya taa kubwa, mdomo wazi kidogo kama wanavyokaa wote.

Ngome ya Gego ilijengwa na ndugu wawili kwenye kochi moja lililobonyea, katika chumba cha nyuma ya karakana hiyohiyo. Mdogo ndiye aliyeileta mashine ya gemu nyumbani, akamshawishi mkubwa acheze angalau nusu saa, apumzishe macho. Nusu saa ikawa miaka minne. Katika ulimwengu ule wa kwenye skrini kila mtu alijenga apendavyo na kubomolewa na wengine wapendavyo, na fundi, ambaye mikono yake ilizoea kupima unene wa ukucha, alijenga kuta pana chini, zenye mizizi minne iliyozama kwenye mwamba, na juu vilele vya mviringo. Mdogo wake aliitazama siku ilipokamilika, akaangua kicheko hadi akadondosha mkate.

"Kaka, wenzako wanajenga ngome. Wewe umejenga gego!"

Jina likaganda. Baadaye wachezaji kutoka pembe zote walikuja kusimama ng'ambo ya handaki la maji ili tu waitazame. Haikuwahi kuingiwa. Fundi hakuzungumza nao, wao walimjua kama yule mkimya. Mwenye mdomo alikuwa mdogo wake. Alipiga soga na kila mpitaji, akajua nani anaumwa, nani kaachika, nani kahamia mji ambako hana anayemjua. Wakamwita Bawabu.

Na daraja la Gego ndilo lililokuwa kosa la fundi, kama ni kosa. Katikati ya handaki palikuwa na mnara mdogo uliosimama peke yake majini, na daraja lilishuka kwa magurudumu mawili, moja ndani ya ngome na moja kwenye mnara ule. Yote mawili yalipaswa kuzungushwa na kushikiliwa pamoja. Mmoja akiachia, daraja linapanda.

"Na siku mmoja wetu akiumwa tumbo?" mdogo aliuliza.

"Atajikaza."

"Akifungiwa nje na mkewe?"

"Huna mke. Zungusha."

Hawakuwahi kufikiri zaidi ya hapo. Walikuwa wawili tangu utotoni, tangu walipobaki wenyewe, na fundi alipima daraja lake kwa kipimo hicho.

Siku ya mwisho mdogo alikuwa kwenye mnara wa majini. Daraja lilikuwa limepandishwa. Aliweka padi yake ya kuchezea kwenye mkono wa kochi, akasema, "Nakuja sasa hivi, naenda kuchukua mkate." Moyo ulimgomea kabla hajafika dukani. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Katika gemu ile, mchezaji akiondoka, mtu wake wa kwenye skrini hatoweki. Anabaki palepale alipoachwa, amelala amesimama, kichwa kimeinama. Na mabega yake hupanda na kushuka.

"Kwa hiyo bado yuko pale," Kware alisema. Machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu, wala hakuyafuta. "Sisi tulikuwa tunamwona kwa mbali. Tulisema amelala, ataamka. Kobe alikuwa anampungia mkono."

"Yuko pale. Hakuna anayeweza kumfikia bila daraja."

"Na wewe?"

"Nikifunga karakana napanda ukutani. Namwangalia."

"Anafanya nini?"

"Anapumua," fundi alisema.

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Lilipomtoka, alilisikia jinsi lilivyokuwa dogo, akageuka na kuanza kupangusa vumbi la plasta kwenye benchi lililokuwa safi.

Kware alieleza alichojia huku akitazama sakafu. Walikuwa na ngome yao, Kichuguu, ya watu kumi na wawili waliojuana humo tu. Kundi moja lijiitalo Nyundo lilikuwa limewazingira wiki nzima. Ukuta wa mwisho usingefika saa kumi na moja jioni. Yeye mtu wake alishaangushwa juzi, akiwa ukutani, na aangukaye hufutwa jina na kila alichokuwa nacho. Hakuwa na chochote cha kuokoa tena.

"Bawabu alituahidi. Siku Kichuguu kikianguka tukimbilie Gego, daraja litashuka, naye atashika gurudumu mpaka wa mwisho wetu apite. Aliapa kwa meno yote ya kaka yake."

"Ndiye yeye huyo."

"Alisema na wewe ulikubali."

"Mimi sikusema kitu."

"Alisema ulitikisa kichwa."

Fundi aliikumbuka jioni ile, mdogo wake anatafuna mkate, vipokea sauti masikioni, anamgeukia na kuuliza, sivyo, kaka? Naye alikuwa ametikisa kichwa, macho yake kwenye jiwe alilokuwa akilipachika.

"Daraja likishuka, mlango wa mnara unafunguka," alisema. "Nyundo watakuwa nyuma yenu. Atakayeshika gurudumu la pale hatoki. Unanielewa? Hatoki."

"Nakuelewa." Kware aliinuka, akavaa begi. Hakubishana, na hilo ndilo lililomchoma fundi. "Sikujua, kaka. Ningejua nisingekuja kukutonesha. Nitawaambia wenzangu Bawabu hayupo. Kobe nitamwambia polepole."

"Kobe ndiye nani?"

"Babu mmoja. Alikuwa dereva wa kreni, sasa vidole vimekakamaa, kila kitu anafanya taratibu kuliko wote. Anaishi peke yake ghorofani na lifti imekufa, hashuki. Anasema sisi ndio barabara yake. Akiangushwa leo hatajua kuanza upya, mimi mwenyewe nilichukua mwezi mzima kumfundisha kupanda ngazi." Alitabasamu kwa shida. "Basi, kaka. Pole sana. Pole kwa kuchelewa."

Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Wewe," fundi alimwita. "Unaweza kushika gurudumu bila kutetemeka?"

Chumba cha nyuma kilikuwa na kochi lile, na upande mmoja wa kochi ulikuwa umebonyea zaidi. Kware aliwaandikia wenzake kwa simu wakimbilie Gego, fundi akatoa padi mbili. Moja alimpa Kware, ilikuwa yake mwenyewe. Ya pili aliitoa kwenye kitambaa ilimofungwa. Kitufe chake cha kulia kilikuwa kimelika hadi kikawa laini, na kidole gumba cha fundi kilipotua pale, kilikuta shimo la kidole kingine.

"Wewe utakuwa mimi, ndani," alisema. "Mimi nitakuwa yeye."

Aliketi upande uliobonyea, akabonyeza.

Kwenye mnara wa majini Bawabu aliinua kichwa. Gemu ile humfanya kila anayeamka anyooshe mikono na kupiga mwayo, na Bawabu alinyoosha mikono, akapiga mwayo mrefu wa miezi kumi na moja. Fundi aligeuza uso ukutani. Kware aliangalia magoti yake mwenyewe mpaka aliposikia, "Haya. Zungusha."

Daraja lilishuka kwa kishindo. Ng'ambo, kwenye uwanda, walionekana wakikimbia, wadogo kama punje, na nyuma yao ukungu wa vumbi la Nyundo. Sauti zilijaa kwenye spika, zinaitana, zinahesabiana. Watatu wakapita. Wawili. Mmoja aliyekuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Wanne kwa mkupuo.

"Kumi," Kware alinong'ona. "Bado Kobe."

Kobe alikuwa mbali. Alikimbia hatua tatu akasimama, akageukia upande usio wake, akajirekebisha, akakimbia tena. Nyundo wa mbele alikuwa ameshakaribia mno.

"Fungeni!" Sauti ya kizee ilikwaruza kwenye spika. "Kware, binti yangu, waambie wafunge. Mimi nimeshaona vya kutosha."

"Kaka," Kware alisema, bila kumtazama. "Ukiachia sasa, mlango wa mnara unajifunga. Unabaki naye."

Kidole cha fundi kilikuwa ndani ya kile kishimo. Kilichotakiwa ni kukiinua tu. Daraja lingepanda, maji yangezunguka mnara, na kesho jioni angepanda ukutani kama kawaida na kuyaangalia mabega yale. Hakuna ambaye angemlaumu.

Aliivuta maikrofoni karibu na mdomo. Kwa miaka minne hakuwahi kusema neno humo.

"Njoo tu, mzee," alisema. "Njoo taratibu. Mimi niko hapa."

"Bawabu?"

"Kaka yake."

"Basi nakuja." Na Kobe akaja, hatua tatu na kusimama, hatua tatu na kusimama, akakanyaga daraja. Alipofika usawa wa mnara alisimama kabisa, fundi akataka kupiga kelele, halafu akaelewa kwamba mzee alikuwa anatafuta kitufe cha kupunga mkono. Alikipata. Akapunga, akaendelea.

Nyundo wa kwanza aliingia mnarani. Skrini upande wa fundi ilitikisika, ikawa nyekundu. Hakuachia. Pigo la pili. Kidole kilibaki kwenye kishimo chake.

"Amepita?"

"Bado kidogo. Bado. Kaka, bado—"

Pigo la tatu.

"Amepita!" Kware alilia. "Amepita, wote wamepita!"

Ndipo fundi akainua kidole.