Bwana Shamba wa Masoko

"Bweni jipya la wasichana tunalipa jina la Bwana Shamba," Meshaki, mwenyekiti wa bodi ya shule, alimwambia Sekela kwenye simu. "Mama, usikose. Wewe ndiye utakayefunua kibao."

Sekela alilia kwa furaha, bibi mzima wa miaka sabini na tano. Maana Bwana Shamba alikuwa nani kama si yeye? Alitoka Morogoro na shahada yake ya kilimo, zama zile wasichana darasani wawili tu na wavulana wakiwauliza kama wamefuata masomo au wachumba. Akapangiwa kazi Rungwe. Wazee wa kijiji cha Masoko wakamtazama na gauni lake, wakakuna vichwa. Afisa kilimo waliyemjua wao aliitwa bwana shamba, jina jingine hawakuwa nalo. Basi wakamwita Bwana Shamba hivyo hivyo, naye akaitika. Ugonjwa wa chulebuni ulipotaka kuimaliza mikahawa, ni yeye aliyepanda na kushuka vilima, mimba tumboni, akiwafundisha watu kupogoa na kupiga dawa.

Na marehemu mumewe, Ambindwile? Alikuwa dereva wake. Mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini mkasi wa kupogolea hakuwahi kuushika hata siku moja.

Siku ilipofika, Sekela akavaa kitenge kipya, akapanda bodaboda mpaka shuleni. Wasichana wakaimba, mchungaji akaomba, Meshaki akamwonyesha kitambaa cha kuvuta. Akavuta.

BWENI LA BWANA SHAMBA AMBINDWILE.

Sekela akasoma tena, akidhani ni macho ya uzee. Wapi!

"Meshaki mwanangu," akasema taratibu, "nani alikwambia Ambindwile alikuwa bwana shamba?"

"Ah, Mama, nani asiyejua? Tulikuwa watoto. Tukisikia Bwana Shamba kaja, tunalikimbilia gari, tunamwona kwenye usukani. Na wewe umekaa pembeni."

Umekaa pembeni! Damu ilimchemka. Akamtafuta Mzee Lazaro kwenye viti vya mbele. Huyo alifundishwa na Sekela mwenyewe, shina kwa shina, na kahawa hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba ya bati.

"Lazaro, waambie. Nani alikufundisha kupogoa?"

Mzee akakohoa. Wajukuu zake walikuwa wanamtazama, na wanaume wenzake pia. Akiri kwamba alishikwa mkono na mwanamke, mbele ya kadamnasi yote ile?

"Mambo ya zamani hayo, Mama," akasema, macho chini. "Mlitusaidia wote. Ndaga fijo, asanteni sana."

Mnafiki mkubwa! Afadhali angenyamaza.

Sekela akainyakua maiki. "Bwana Shamba ni mimi! Mnanisikia? Ni mimi!"

Kisha mchungaji akainuka, uso umemchanua. "Amina! Mmesikia, wanangu? Mume na mke ni mwili mmoja, hata kifo hakikuwatenganisha!"

Makofi yakapigwa mpaka nje ya geti. Sekela alijaribu kusema tena, lakini akina mama walikuwa wameshamzunguka kwa vigelegele, wakimfuta machozi kwa ncha za kanga zao.

"Maskini," wakanong'onezana. "Alimpenda kweli yule Bwana Shamba wake."