Simu Imepokelewa

Simu ilipoita, Castory alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na meza. Alijua kilichompata. Jana jioni alijidunga insulini, akala nusu tu ya chakula, akalala. Sasa sukari ilikuwa imeshuka: jasho lilimtoka, mikono ilitetemeka, ulimi haukumtii. Soda yake ya akiba ilikuwa mezani na mkono haukuifikia.

Kwa ajili ya siku kama hii alikuwa amepanga na Jovia wa mapokezi. Mashine ya hoteli impigie kila asubuhi. Asipopokea, taa nyekundu iwake na mtu aje na ufunguo.

Hofu ikamfanya avute waya. Mkonga wa simu ukaanguka karibu na sikio lake.

"Habari za asubuhi," ilisema sauti ya mashine. "Simu yako imepokelewa. Kwa kifungua kinywa, bonyeza moja."

Imepokelewa. Angeiacha iite, wangekuja.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa. Mtaa wote wa Gikondo ulikuwa kimya bila pikipiki, na wafanyakazi wa hoteli walikuwa wakizibua mtaro chini ya dirisha lake. Aliwasikia wazi. Alijaribu kuwaita; ikatoka pumzi tu.

"Hujabonyeza chochote. Tunakuunganisha na mapokezi."

Chini, kwenye mapokezi yasiyo na mtu, simu ikaanza kuita.

"Jovia, simu," alisema Gasana, mlinzi aliyekulia Karagwe.

"Acha iite, mzee. Wewe unatafuta tu sababu ya kuweka jembe chini."

"Jembe langu lina udongo. Lako linang'aa. Nenda."

Muda kidogo baadaye sauti ya Jovia ilikuwa sikioni mwa Castory. "Bwana Castory? Halo?"

Akapumua kwa nguvu zote alizobaki nazo.

"Hii laini iko mbovu," Jovia alisema, akakata.

Alimsikia akirudi mtaroni. "Ni Castory. Haongei."

"Umepanda kumwona?"

"Ya nini? Mashine inaonyesha amepokea. Iko sawa, amelalia simu."

Mashine ikaanza upya: kifungua kinywa, moja, kufua nguo, mbili. Kisha chini simu ikaita tena. Majembe yakanyamaza.

"Yule ni mgonjwa wa sukari," alisema Gasana. "Chukua ufunguo. Na bakuli la sukari."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukakwama. Mnyororo. Castory aliufunga mwenyewe, kama afanyavyo katika kila hoteli, na katika mpango wao hakuna aliyeufikiria.

"Naona mguu," Jovia alisema taratibu.

"Sogea. Sogea kabisa."

Pigo la kwanza la bega la Gasana lilitikisa mlango tu. La pili likang'oa skrubu moja. Castory aliitazama iliyobaki, huku mashine ikimuuliza tena kuhusu kifungua kinywa.

La tatu hakulisikia. Alichojua baadaye ni utamu kwenye fizi, kidole cha Gasana kikizisugua, na Jovia amesimama kando, ameshika mkonga wa simu mbali na mwili wake, hathubutu kuurudisha mahali pake na kukata tena.