Mbao za Kisima cha Mariambai

Ajali haina kinga! Neno hilo Benadetha aliimbiwa tangu siku binti yake, Angela, alipotolewa kisimani, mpaka akalichukia. Aliambiwa kanisani, akaambiwa mashineni anakosagisha mahindi, na kila aliyekuja kumpa pole alilisema kabla ya kuaga. Haina kinga? Kwani mbao nzima juu ya kisima si kinga? Jamani, watu wana midomo.

Kisima chenyewe kilikuwa cha sadaka. Familia ya Fatehali, wenye duka kubwa hapo Kinjumbi, ilikichimba kwa ajili ya marehemu mama yao, Mariambai, ili thawabu zimfikie kaburini. Maji yake yalikuwa matamu, na visima vingine vyote chumvi tupu. Mwislamu na Mkristo walisimama juu ya mfuniko ule wa mbao wakachota bure, na kila aliyechota alimwombea rehema bibi yule. Hata mbao zilipovunjika Angela akichota, akadondoka hadi kwenye mawe ya chini, watu waliendelea kumwombea bibi. Basi Benadetha alipokwenda kwa Valentini, mwanasheria wa msaada wa bure, majirani walimshukia. "Shukrani ya punda ni mateke," walisema. "Unamshitaki aliyekunywesha maji?"

Valentini alimweleza kwa upole. "Mama, wema haufuti wajibu. Ukichimba kisima ukawaita watu waje, ni juu yako kuangalia wasiumie. Mbao zikioza, ukaambiwa, ukaziacha vilevile, hapo umeukiuka wajibu wako. Ila lazima tuonyeshe kwamba Sibtain alijua." Sibtain ndiye mtoto wa Mariambai aliyebaki na duka na kisima. "Kuna mtu aliyewahi kumwambia?"

"Sijui," alijibu Benadetha.

Uongo mtupu. Alijua vizuri sana, maskini.

Siku ya kikao cha kusikiliza shauri alimfunga Angela mgongoni kwa kanga, msichana wa miaka kumi na miwili, miguu ikining'inia, akaenda naye ofisi ya mtendaji wa kata. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na daktari alikwisha sema miguu ile haitasimama tena. Angela aliwaamkia wakubwa wote shikamoo, wakaitikia marahaba, akakalishwa kwenye kiti karibu na dirisha.

Mtendaji, Jonas, alimpa Sibtain nafasi ya kwanza. Tuseme haki, Sibtain hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekonda tangu ajali ile, na siku ya pili yake tu alimpelekea Benadetha mchele na sukari, akalia pale pale mlangoni. Lakini mtu akiingiwa na hofu hujitetea.

"Mama Angela, nakupa pole tena," alisema. "Ila hakuna aliyeniambia kwamba mbao zimeoza. Na watoto wanarukaruka juu ya ule mfuniko kila siku. Pengine mtoto alikuwa anacheza."

Valentini akamtazama Benadetha. Benadetha akatazama sakafu.

"Sikucheza," Angela alisema kwa sauti ndogo. "Ila nilikanyaga vibaya. Kosa ni langu. Mnisamehe."

Mnisamehe! Mtoto haoti tena ndoto ya kutembea, halafu yeye ndiye anayeomba radhi! Moyo wa Benadetha uliuma hasa. Kumbe mtoto amelala na neno lile miezi yote hii, na mama yake akinyamaza, atazeeka nalo.

"Si kosa lako," alisema, akainuka. "Bwana Sibtain, mimi nilikwambia. Ilikuwa Ijumaa, unatoka msikitini. Nikakwambia mbao za upande wa dukani zimeoza, mtu atatumbukia. Ukasema umesikia, fundi atakuja."

Sibtain alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Wallahi ni kweli," alisema. "Fundi hakuja, nami nikasahau. Kisima cha mama yangu, nikasahau."

Shauri likaishia hapo. Sibtain alikubali kosa, akakubali kugharamia matibabu, na kiti cha magurudumu, na mfuniko wa zege. Valentini alishusha pumzi. Lakini Jonas akauliza lile ambalo Benadetha alikuwa akilikimbia siku zote: "Mama Angela, kumbe ulijua zimeoza, na bado ukamtuma mtoto?"

"Nilimtuma. Mihogo ilikuwa motoni, maji yameisha. Nikasema moyoni, ni mara hii tu. Kila siku tunachota, na hakuna aliyetumbukia."

Hakuna aliyemlaumu. Nani angethubutu, na wote walichota juu ya mbao zilezile?

Nje jua lilikuwa kali. Benadetha alichuchumaa, Valentini akamsaidia kumpandisha Angela mgongoni. Siku zote msichana alimzungushia mama yake mikono shingoni. Leo hakuizungusha. Walipita dukani, wakapita kisimani, ambapo sasa palikuwa pamefunikwa kwa bati lililowekewa mawe. Benadetha alingoja alaumiwe, apigwe hata ngumi ya mgongo, ingekuwa afadhali.

"Mama," Angela aliita mwishowe.

"Ee, mwanangu."

"Ungeniambia tu. Ningesimama upande wa pili."