Joto la Janeffer

Mwaka ule wa mvua ya El Niño, Janeffer alipanda kutoka Soin, kule bondeni kwenye joto, kuja kukaa na kaka yake Isaiah Kipkemoi huku juu kwenye chai. Wiki haijaisha, Isaiah akaona jambo ambalo hakulipenda. Asubuhi ya baridi, watu wamevaa sweta mbili mbili, Janeffer alisimama katikati ya mstari wa chai, akavua kitambaa cha kichwa na kujipepea nacho. Jasho lilimtiririka shingoni kama mtu anayekata miwa juani.

Isaiah akahisi kikapu kimekuwa kizito ghafla. Marehemu mke wake, Cherotich, alianza hivyo hivyo. Jasho. Mara tatu walikwenda zahanati, na mara tatu yule mkubwa wa pale alisema bila kuinua macho, "Ni umri, mama. Nenda nyumbani." Kumbe kilikuwa kifua kikuu. Kilipokuja kujulikana, Cherotich alikuwa mwepesi kama mtoto. Na yule aliyesema ni umri? Alipandishwa cheo, akahamishiwa mjini. Hiyo ndiyo serikali.

Basi akampeleka dada yake hospitalini Kericho. Walipokewa na daktari kijana, Gichana, mwenye sauti ya polepole. Akamsikiliza Janeffer kifua, akamuuliza maswali ambayo yalimfanya Isaiah ageuke kutazama ukuta.

"Mama, damu yako ya mwezi ilikoma mwaka jana," Gichana akasema. "Hili joto la ghafla linatokana na hapo. Ni umri."

Isaiah aliposikia neno lile akapiga meza. "Piga picha ya kifua!"

"Mzee, filamu za picha zimeisha tangu mwezi jana."

"Na wakubwa wakiugua, huwa pia zimeisha?"

Gichana akavuta droo ya dawa. Alimpa Janeffer vidonge, kimoja kila asubuhi baada ya uji, na karatasi aliyoichora kwa mkono wake: jua upande huu, mwezi upande ule. Kila joto likija, apige mstari: la mchana chini ya jua, la usiku chini ya mwezi.

"Mrudi baada ya wiki nne. Mistari ikipungua, dawa inafanya kazi na tumejua ni nini. Isipopungua, picha nitaitafuta hata kama ni Kisumu."

Wiki nne. Isaiah alijua wiki nne zinaweza kumfanya mtu nini.

Kila asubuhi alisimama mlangoni mpaka amwone dada yake amemeza kidonge. Lakini karatasi Janeffer aliificha ndani ya blauzi, na Isaiah angemuulizaje? Kwao kaka hamuulizi dada mambo ya mwili wake; afadhali amuulize ng'ombe wa jirani. Kwa hiyo akachukua kamba ya katani, akaitia mfukoni mwa koti, akaanza kuhesabu kwa macho. Kila Janeffer alipotoka jikoni mbio na kusimama uani kwenye mvua, kitambaa mkononi, akihema, Isaiah alipiga fundo.

Wiki ya kwanza, mafundo kumi na moja. Ya pili, kumi na saba. Ya tatu, ishirini na manne.

Jioni akawa anausukuma ugali pembeni ya sahani.

"Isaiah, mbona huli? Au ugali wangu umekushinda?"

"Niko sawa."

"Uko sawa na umekonda kama mti wa ua!"

Siku ya kurudi ilipofika, Gichana aliifungua ile karatasi iliyokunjamana, akahesabu kwa kalamu. Wiki ya kwanza, mistari hamsini na mitatu. Ya pili, arobaini. Halafu ishirini na miwili. Wiki ya mwisho, tisa.

"Vizuri sana, mama."

"Anatuficha!" Isaiah akafoka, akaitupa kamba mezani. "Hesabu na hii!"

Janeffer akaiinua. "Hii nini?"

"Ni wewe. Kila unapokimbilia uani kwenye mvua."

Janeffer akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Ai, Isaiah! Ule ni moshi! Kuni zako zimenyeshewa tangu Novemba, jikoni hakukaliki. Joto likija mimi hukaa tu, linapita. Si ungeniuliza?"

"Nikuulize nini? Si wewe ni dada yangu?"

Gichana hakucheka. Aliitazama ile kamba, akamtazama Isaiah. "Mzee, ulifiwa na nani?"

Isaiah akamwambia, kwa maneno machache, akitazama dirishani.

Daktari akampandisha Janeffer kwenye mizani: alikuwa ameongezeka kilo mbili tangu siku ile ya kwanza. Kisha akaandika kikaratasi. "Filamu zimekuja juzi. Mkapige ile picha."

Walingoja kwenye benchi mpaka saa saba. Picha ilipotoka, Gichana aliiinua dirishani, akamwita Isaiah, si Janeffer.

"Sogea uone mwenyewe. Hizi ni mbavu. Haya ni mapafu. Ugonjwa ungekuwepo, hapa na hapa pangekuwa na madoa."

Isaiah akatazama kwa muda mrefu. "Hakuna?"

"Hakuna."

Isaiah akavua kofia, akajifuta uso nayo. "Na Cherotich je? Picha kama hii ilikuwa na ugumu gani?"

"Haikuwa na ugumu, mzee," Gichana akasema. "Walipaswa kuipiga."

Miaka minne tangu amzike mke wake, na hakuna mwenye koti jeupe aliyewahi kumwambia hivyo. Isaiah akairudisha kofia kichwani. Akampa Gichana mkono.

Nje ya lango, mvua ilikuwa imepumzika. Isaiah alinunua mandazi, akala mawili kwa pupa akiwa amesimama, akaanza la tatu. Akajikohoza kidogo. Akatazama barabara.

"Janeffer. Hilo joto lako. Leo limekuja mara ngapi?"

Janeffer akamgeukia, macho yamemtoka. Halafu akatabasamu.

"Mara moja tu. Pale ulipoanza kumfokea daktari. Sasa lete hilo andazi kabla hujalimaliza."